Gurudumu Juu ya Maua ya Baba Mkwe

Azri, usicheke. Apa kwanza kwamba hutacheka.

Leo tumeenda kwa kina Nurin kumposa. Na lile gari langu la mashindano, LILE LILE, maana la mama liligoma kuwaka.

Si unajua nyuma nimelikaza kama ubao ili likate kona vizuri Jumapili? Mbele ndiko kunakovuta, nyuma inafuata tu.

Basi nikaingia kwao polepole, kwa adabu zote. Langoni pana kilima kidogo. Nikakata kona, nikasimama. Gurudumu moja la nyuma likabaki hewani. HEWANI, Azri! Juu ya vyungu vya maua vya baba yake!

Ukoo wao mzima barazani, macho yote kwetu. Mama kando yangu kakumbatia sinia la tambuu za posa, kafumba macho.

Mzee Roslan, baba yake Nurin, akashuka. Akalitazama gurudumu, akanitazama mimi. "Kijana, hili gari lako limekuja kuposa au kukojoa?"

Kukojoa!! Mbele ya mashangazi!

Mama akadakia: "Hilo kalilea mwenyewe, mimi simo." MAMA YANGU MZAZI!

Sasa hivi Nurin kaniandikia. Baba kakubali. Sharti moja tu: siku ya harusi, magurudumu yote manne yawe chini.