Chaki Kwenye Milango ya Waliokosa Vizimba

Mzee Kaaya,

Shikamoo. Nimeliandika hilo kisha nikainua kalamu, nikisubiri marahaba yako. Mazoea mabaya haya.

Tangu tukuzike kule juu Meru, katikati ya migomba yako, ile tathmini ya soko jipya nimebaki nayo peke yangu. Ripoti inatakiwa Jumatatu. Wakubwa wanataka sahihi yangu chini ya sentensi moja: kwamba kuwahamisha wafanyabiashara kutoka soko la zamani kumeinua maisha yao. Wewe ulikataa kusaini. "Zuhura, tumewauliza waliopata vizimba vya kuuzia soko jipya tu. Waliokosa wako wapi?" Nilikuona mkaidi, nikakununia mpaka ukalazwa. Naomba unisamehe.

Juzi nikachukua orodha ya soko la zamani, nikaenda Elerai kuwatafuta. Nyumba ya kwanza tu, kwenye fremu ya mlango, chini ya bawaba, nikaona chaki: kistari kifupi chenye mkia. Alama yako, uliyokuwa ukiiweka kila nyumba uliyofika ili isirukwe wala kurudiwa. Nikajiambia ni watoto wamechezea. Lakini mama mwenye nyumba, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba, alishangaa kuniona. "Mbona mwenzako alipita jana? Yule mzee wa kofia ya sufu. Chai kaigomea, kasema mpaka kazi iishe."

Nilikaa kwenye ngazi yake. Arusha nzima hii, nani mwingine anagomea chai kwa sababu hiyo?

Nyumba ya pili, alama. Ya tatu, alama, na unga wa chaki ukanibaki kidoleni kama imechorwa muda uleule. Niliowakuta walinijibu kwa uchovu, kama watu wanaorudia maneno. Mmoja anafulia watu nguo. Mwingine kageuza sebule kuwa genge la mboga, na hapati wateja. Nilikuwa naogopa, sikufichi, ila niliandika yote.

Leo asubuhi nimefungua mlango wetu hapa Kimandolu nitoke. Chini ya bawaba, alama.

Imenikata maini, mzee, na unajua kwa nini. Mama yangu aliuza ndizi soko la zamani miaka yote ya shule yangu, naye alikosa kizimba. Jina lake kwenye orodha nililiruka mimi mwenyewe, nikisingizia kwamba haifai kumhoji ndugu. Nilikuwa naogopa jibu lake. Nilipomuuliza nani kapita, aliendelea kumenya viazi. "Si yule mzee wako. Nimemwambia yeye simjibu, nasubiri mwanangu aniulize."

Sentensi yao siisaini. Daftari liko mezani, mama anachemsha chai, na safari hii nitamuuliza yote na kumsikiliza mpaka mwisho.

Kwaheri, mzee wangu. Nikimaliza naye nitamimina vikombe vitatu. Chako ukinywe, kazi itakuwa imeisha.

Zuhura