King'ora Kimeungua, Mto Unapanda

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika tangu mchana, lakini huko milimani kumefunga weusi, na mto unapanda kimyakimya. Sikai, sisimami.

King'ora cha mafuriko kimekufa. Kile cha zamani, juu ya mlingoti nyuma ya duka langu. Asubuhi fundi alikifungua, akanusa tu: mota imeungua. Na isiungue vipi? Wiki nzima vijana wa kamati ya kijiji wamekuwa wakikiwasha kufukuza ndege, kweleakwelea, kwenye mpunga! Nilisema mpaka nikachoka. Wakanijibu, "Dada, kwani njaa si mafuriko?" Haya, sasa tuone.

Mama yuko bondeni, kwenye dungu lake, analinda mpunga. Simu yake haipatikani.

Bibi alikuwa akitusimulia habari za wakati wa Mdachi, vita ya Maji Maji: pembe ikilia, watu wanabeba watoto na kukimbilia milimani, hakuna wa kuuliza kuna nini. Sisi pembe tuliziacha, tukasema tuna mota.

Basi mimi na majirani tukateremka ukingoni na madebe, tukapiga kuwaita watoke. Na bondeni kote, dungu kwa dungu, wakatujibu kwa madebe yao. Walidhani tunawafukuzia ndege!

Nilitaka kucheka, nikalia.

Jua lilipokuwa linazama, Mama akatokea, amelowa hadi kiunoni, kuku kwapani, amefura kwa hasira. "Ndege gani wanafukuzwa saa hizi, wameshalala? Nikajua mna jambo." Hata shikamoo sikukumbuka. Nilimkumbatia na matope yake. Nyuma yake wengine nao wakaanza kutoka, mmoja mmoja.

Mama Siwema hayumo. Ni jirani yake kule bondeni, macho yameingia ukungu, mchana na jioni kwake ni mamoja. Mama alimwita, akagoma. "King'ora hakijalia, siondoki."

Vijana walewale wa kamati wameingia na mtumbwi kumfuata. Jamani, Mungu awatangulie. Giza linaingia, hawamwoni, wanafuata sauti ya debe lake. Mimi nimebaki hapa ukingoni, napiga, naandika kidogo kwenye simu, napiga tena. Kila nikipiga anajibu. Nikinyamaza, atadhani ndege wameondoka, alale.

Nimepiga sasa hivi.

Mbona safari hii anachelewa kujibu?