Trekta Lilianzia kwa Ochieng

Manyatta, Kisumu
Februari 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Gordon, Baba Dorca,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kericho, wewe na wifi Beldina na watoto. Natumaini baridi ya huko kwenye majani chai haijawashinda, na kwamba kifua cha Dorca kimepata nafuu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto, na mbu wa Manyatta ambao nadhani mwaka huu wamefungua tawi chumbani kwangu. Mama kule kijijini anasema magoti yanamsumbua, lakini bado anatembea hadi kanisani, na akichelewa anamlaumu mchungaji kwa kuanza mapema.

Anwani yako nimepewa juzi na Wakhisi, yule dereva wa lori la majani chai. Usimkasirikie, nilimng'ang'ania kama kupe mpaka akaitoa. Ulipotoka nyumbani mwaka jana hukuacha hata jina la mji, nami nimekaa na maneno haya bila pa kuyapeleka. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kuichana barua. Hasira zako nazijua, maana hata mimi nimetoka tumbo hilo hilo.

Ulisema mbele ya Mama kwamba Ochieng alimhonga dereva wa trekta ili shamba lake lilimwe kabla ya lako. Ulisema mdogo wako anataka kukuzika ungali hai. Kaka, Ochieng hakumhonga mtu. Aliyemtanguliza ni mimi, nikiwa nimekaa kitini ofisini hapa Kisumu, na sikujua ninachofanya.

Ngoja nikueleze kazi yangu, kwa sababu umezoea kuwaambia watu kwamba napiga taipu. Pale kwenye chama chetu cha ushirika majina ya wakulima wote yamo kwenye kompyuta. Ukiyataka, unaiandikia kompyuta maagizo kwa lugha inayoitwa SQL. Ili makarani wasihangaike na maagizo marefu kila siku, niliyaandika mara moja nikayapa jina. Karani analitaja jina tu, kompyuta inafanya mengine. Kitu hicho tunakiita makro. Wa mbegu waliitumia hiyo hiyo, wa mbolea hiyo hiyo, wa trekta hiyo hiyo. Nayo ilipanga majina kwa njia moja tu: aliyejiunga na chama mapema hutangulia. Kwetu alitoka Mama, aliyeshika nafasi ya marehemu Baba, kisha wewe, kisha Ochieng. Mila yetu ilikuwa inalindwa na mashine ambayo haijui mila ni nini.

Basi bosi wangu, Bwana Chege, akaja akasema makarani wanalalamika. Huyu anataka majina kwa alfabeti, yule kwa kata, mwingine kwa ukubwa wa shamba. Akaniuliza kama naweza kuifanya makro ikubali mpangilio wowote ambao karani atautaka. Nilifurahi, Gordon, sikufichi. Niliacha nafasi ndani yake, karani ajaze mwenyewe: panga kwa hiki, kuanzia juu au kuanzia chini. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Chege alininunulia soda, nami nikatembea kwa madaha ofisini siku nzima kama bibi harusi. Laiti ningeuliza mpangilio wa zamani ulikuwa unamfaa nani kabla ya kuuondoa! Mimi, mtoto wa kijijini, ndiye niliyepaswa kuuliza.

Karani wa matrekta, Nabututu, alichagua ekari, kubwa kwanza, ili kuokoa dizeli. Hana kosa. Shamba la Mama ndilo kubwa, likabaki juu. Lakini Ochieng alikuwa ameongeza kile kipande alichonunua kwa jirani, shamba lake likalipita lako. Dereva, Wabwire, alifika na karatasi yake, akalima kwa Mama, akaenda moja kwa moja kwa Ochieng. Wewe ulikuwa Maseno, Ochieng yuko ufuoni Luanda Kotieno anashona nyavu. Mama alipiga kelele, lakini trekta nalo lina kelele zake. Ukarudi, ukakuta udongo wa mdogo wako umegeuzwa na wako umelala. Jioni ile ile ukafunga mizigo.

Nilipopata habari nilimweleza Chege. Kwao Nyeri anayeamka mapema ndiye anayepanda mapema, kwa hiyo alicheka, akashangaa watu wagombane kwa sababu ya foleni ya trekta. Nikamwambia kwetu mkubwa ndiye hutangulia kulima na kutia mbegu ardhini, tunaita golo kodhi, na mdogo akimruka anajiitia chira, laana ya kuvunja mila, yeye na watoto wake. Nikamwambia kaka yangu amehama. Hapo akaacha kucheka. Tulikaa tukairekebisha makro ikubali mipangilio miwili kwa pamoja: maboma yafuatane kwa ekari, lakini ndani ya boma mkubwa atangulie mdogo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja tu, Baba Dorca! Nililia chooni ili Nabututu asinione.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa hukungoja kuliona. Ochieng hakupanda. Shamba lile ulilolikuta limelimwa liliota magugu mpaka kiunoni. Alisema atangoja mbegu yako iingie kwanza. Mvua za masika zikapita, za vuli zikapita. Mkewe, Nakhungu, ananunua mahindi sokoni kama mtu asiye na ardhi, na hajanung'unika mbele ya watu. Wazee walimwambia Ochieng ipo njia ya kimila ya kumruka mkubwa ili mdogo apande. Alikataa. Aliwajibu, "Hiyo ni ya mtu amekufa. Ndugu yangu hajakufa." Akachukua nyavu zake akaenda.

Wiki iliyopita trekta lilirudi, safari hii karatasi ikiwa sawa: Mama, Gordon, Ochieng. Nilikuwepo. Lililima kwa Mama. Wabwire akasimama mpakani mwa shamba lako, injini ikinguruma, akauliza nani atamwonyesha pa kuanzia. Mama akamtazama Ochieng, Ochieng akasema mdogo haanzishi shamba la mkubwa wake. Mama akamwambia Wabwire aende zake boma lingine. Mimi ni binti, siwezi kukusimamia shamba. Nimeiambia kompyuta ikuweke mbele ya ndugu yako, imekuweka. Kukuleta haiwezi.

Trekta litapita tena kabla ya Pasaka kwa waliobaki. Mbegu zako Mama amezitundika jikoni juu ya moshi, wadudu wasiziguse, na hataki mtu yeyote azishushe.

Msalimu sana Beldina, na Dorca mwambie shangazi yake ana hamu naye. Mungu awalinde huko mlimani. Ochieng hajui kwamba nimekuandikia. Nisamehe, kaka. Njoo uanze, na sisi tutafuata.

Ni mimi mdogo wako,
Awuor