Mjumbe Aliyeuacha Mkutano Wake

Pate Mjini,
20 Rajabu 1377
(10 Februari 1958)

Mpendwa kaka yangu Mahmud,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima, na wote wa nyumbani ni wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Je, wewe hali yako? Kile kikohozi kimekuachia? Na wifi yangu Ummu, macho yake yaendeleaje? Mwambie dawa ya macho niliyompa asiichanganye na hizo za dukani.

Barua yako ilifika salama na kitambaa nimekipata. Rangi yake imenipendeza, ingawa jirani zangu wasema ni ya wasichana. Nitaivaa Idi tuone nani atakayenivua.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kama ni kweli yale uliyoyasikia huko Kismayu, kwamba Abdulhalim, mtoto wa marehemu ndugu yetu Amini, aliupa mgongo mkutano wa watu wa Pate, Siyu na Faza akaenda zake. Ni kweli. Nilikuwapo, na mimi ndiye niliyemwita. Kaa nikuhadithie, kwa sababu habari ikivuka maji huvaa nguo nyingine.

Wajua kwamba alipochaguliwa mwaka jana kuingia Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi, aliahidi kuwa kila vikao vikifungwa atarudi visiwani akae na watu awasikilize. Wengi walicheka. Walikuwa wameshaona mabwana wakubwa wakishuka Amu, wakanywa kahawa, wakapigwa picha, wakaondoka. Yeye akaanza kwa barua. Kila mwezi ilikuja moja, ikasomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa: nini kimesemwa barazani, nani kakisema, na yeye kasimama upande gani. Mwezi ambao hakusema kitu, aliandika kwamba hakusema kitu. Watu wakaanza kuzingojea barua zile, hata wale wasiompenda.

Mfungo Sita, Maulidi yalipokwisha, akaja mwenyewe. Serikali ilimwazima mashua ya injini, na nahodha alikuwa Fadhil wa Shela, kijana mpole asiyependa maneno. Mashua wakaiacha bandarini Mtangawanda, wakaja mjini kwa miguu. Mchana ule Abdulhalim alikula kwangu. Alipomaliza samaki wake akaniuliza, "Shangazi, kesho wanaume wataniambia wanalolitaka. Wanawake wanataka nini?"

Nikamwambia, "Mkunga wa hospitali, akae papa hapa kisiwani."

Akatikisa kichwa. "Wanaume wameshaniandikia. Wanataka gati Mtangawanda. Na mimi nimewashauri tuombe jambo moja tu mwaka huu. Serikali ukiiomba mambo kumi, hukupa ahadi kumi."

"Basi umekuja kusikiliza, au umekuja kuitikia?"

Alinawa mikono akatoka, na mimi nikabaki na hasira zangu, maana mtoto niliyemfunza alifu kwa mkono wangu alikuwa amekuja kuniuliza jambo alilokwisha kuliamua.

Asubuhi yake watu wakajaa uwanjani mbele ya msikiti. Wa Siyu walifika, wa Faza walifika, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote ni Bwana Athman, yule mwenye mashamba ya minazi. Wamkumbuka. Hakumpigia kura mwanetu, wala hakuficha.

Mimi mwanzo sikuwa mkutanoni. Nilikuwa kwa huyo huyo Athman, nimeitwa na mkewe, Bi Hindu. Binti yao Saadiya alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza tangu siku iliyopita, na mumewe yuko Mombasa kikazi. Niliingia nikamkuta mkunga wetu ameketi, mikono mapajani. Akaniambia mtoto amelala mkingamo, na yeye amefanya yote ayajuayo. Saadiya hakuwa akilia tena. Hilo ndilo lililonitisha.

Wanijua, kaka. Tangu nizaliwe sijapata kusimama mbele ya mkutano wa wanaume. Siku ile nilivaa buibui langu nikapita katikati ya mikeka yao. Athman alikuwa akisema, "Nti hii imesahauliwa, Bwana Mjumbe. Hata ndia ya kuingilia mashuani hatuna." Akaniona, akanyamaza, na watu wote wakageuka.

Nikasema, "Abdulhalim, mashua yako iko tayari?"

"Iko Mtangawanda, shangazi. Kuna nini?"

"Saadiya binti Athman hatafika jioni akikaa hapa."

Athman alijua kuwa binti yake ana uchungu. Hakujua kuwa mambo yamefika pale. Alisimama na fimbo yake mkononi, kinywa wazi, kama mtu aliyesahau jina lake. Abdulhalim alikuwa ameshavaa viatu. Akawaambia watu, "Nisameheni, mashua ni moja." Mzee mmoja wa Faza, Bwana Mselem, akauliza kwa sauti, "Sisi tumetoka alfajiri tuje tumtizame Mjumbe akikimbia?" Maneno hayo ndiyo yaliyokufikia wewe Kismayu. Yaliyofuata hayakupata msafiri wa kuyachukua.

Walimbeba Saadiya juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana, na mmoja wao alikuwa Abdulhalim na kanzu yake nyeupe. Mtangawanda tulikuta maji yanakupwa. Wakaingia matopeni hadi mapajani, kitanda wamekiinua juu ya vichwa. Athman alikuwa mbele akiwaonyesha pa kukanyaga. Mimi na Bi Hindu tulifuata nyuma, na kiatu changu kimoja kingali huko hadi leo.

Tukaondoka kwenda hospitali ya Amu. Tulipofika Mkanda, pale kati ya Manda na bara, maji yalikuwa yamekwisha. Mashua ikagusa mchanga ikasimama. Abdulhalim akamwambia Fadhil tugeuze tuzunguke Manda kwa nje. Fadhil akajibu, "Bwana, leo nje kuna mawimbi makubwa, na mgonjwa huyu hawezi kurushwarushwa. Hapa tungoje maji yajae." Basi tukangoja. Jua lilikuwa kali, na nzi wa mikokoni wakatujia. Bi Hindu alimpepea mwanawe kwa ncha ya mtandio. Amu ilikuwa mbele yetu, karibu kabisa, na hatukuwa na la kufanya.

Mtoto alizaliwa pale pale mchangani, ndani ya mashua. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Nilimfunga katika upindo wa leso yangu nikampa babu yake.

Athman alimpakata muda mrefu. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Hata kama gati ingekuwako, tungekwama papa hapa."

Abdulhalim alikuwa ameketi karibu naye, matope yamemkaukia miguuni. Aliteremka kwenye maji machache yaliyokuwapo, akatawadha, akarudi akakaa.

Maji yalipojaa, Fadhil alituwahisha Amu alasiri, na daktari akampokea Saadiya mlangoni. Damu ilikuwa imemtoka nyingi. Alikaa hospitali hadi mwezi mwingine ukaandama, lakini alitoka kwa miguu yake, alhamdulillahi.

Sasa sikiliza alilofanya mwanetu. Angeweza kupanda ndege Manda akarudi Nairobi, na hapana ambaye angemlaumu. Alirudi Pate. Mashua aliiacha Amu ikae karibu na hospitali, akaja kwa mashua ya wasafiri kama mtu mwingine. Akaenda Siyu kwa miguu, kisha Faza, akasema na wale aliowaacha mikekani. Huko Faza, Mselem alimpokea kwa kumgeuzia uso. Abdulhalim akakaa kwenye daka la mlango wake hadi mzee akageuka.

Aliporudi kwangu, hakuniuliza kitu wakati wa chakula. Alisema tu, "Shangazi, waite wanawake. Safari hii sina jibu mfukoni." Walikuja wakajaa nyumba nzima hadi ngazini. Yeye alikaa upande wa pili wa pazia, akasikiliza tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kila mwanamke alitaja aliyemzika: huyu dada, huyu mwana, huyu mkaza mwana. Mwisho Bi Hindu alisema, "Mimi sikuja kulia. Nimekuja kukwambia kwamba mwanangu yu hai kwa sababu ulikuwa na mashua. Siku ambazo wewe hupo, mashua haipo."

Siku ya pili mkutano ukafanywa tena, na wa kwanza kusimama alikuwa Athman. Akasema gati bado anaitaka, na ataitaka mpaka afe, lakini mwaka huu jambo moja liwe mkunga. Hakuna aliyempinga. Mselem mwenyewe, aliyekuja kwa punda, akasema amina.

Mfungo Nane ikaja barua ya Abdulhalim, ikasomwa Ijumaa. Alikuwa amelipeleka jambo letu barazani. Mkubwa mmoja alimjibu kuwa kisiwa chetu ni kidogo na hospitali ya Amu iko karibu, akamwonyesha katika ramani. Abdulhalim akasema, "Bwana, katika ramani maji hayapwi." Kisha akawahadithia habari ya Mkanda, kuanzia matopeni hadi mchangani, bila kulitaja jina la Saadiya. Aliandika kwamba alipomaliza hakupigiwa makofi, lakini yule mkubwa alimfuata nje akamwuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Kwanza walitaka kutupa mkunga awe akija mara moja kwa mwezi. Akawaambia watoto hawangojei tarehe. Akawarudia, akawarudia tena, mpaka wakakubali awekwe mmoja hapa kwa mwaka mzima watazame.

Amekuja mwanzo wa mwezi huu. Jina lake Bi Tima, mtu wa Malindi, mnene, mcheshi, hapendi uvivu. Athman amempa vyumba vya chini vya nyumba yake na hataki kusikia habari ya kodi. Mkunga wetu wa zamani naye huenda kwake kila asubuhi, na sasa huingia vyumbani pamoja. Hadi leo wamezalisha watoto watatu, na wote watatu nimewasikia wakilia kutoka dirishani mwangu. Wapiga kelele sana. Sijalalamika.

Usidhani mambo yamekamilika. Dawa zilizoahidiwa zimefika nusu, na leo hii hii nimemwandikia Abdulhalim kumwambia hivyo. Yeye mwenyewe alitufunza kuandika, basi na asome. Athman naye ameshaanza kuichora gati yake.

Neno moja la mwisho. Ulisema katika barua yako kwamba nimwambie mtoto aachane na siasa, ukoo wetu ni wa vitabu na biashara. Sitamwambia. Sisi wanawake hatukupiga kura. Tulimchagua kwa dua tu, tukanyamaza. Siku hizi tukikutana kwangu hatunyamazi, na barua ya kudai kura yetu tumekwisha kuitia saini, Bi Hindu wa kwanza, mimi wa pili, Saadiya wa tatu. Uchaguzi ujao, inshallah, nitakwenda kupanga foleni mwenyewe, na goti hili na likatae likitaka.

Nisalimie wifi yangu Ummu, nisalimie Abdulghafur na mkewe, na umbusu mjukuu wako ambaye sijamwona. Bi Hindu akusalimu, Bwana Athman akusalimu, na Saadiya akuombea. Barua hii nimempa Bwana Wazir, anayekuja huko kumtazama nduguye; mkirimu, ni mtu mwaminifu.

Mola akuhifadhi ugenini, akulainishie kila zito, na atukutanishe tukiwa na afya na nyuso za furaha. Ramadhani njema mapema.

Ni mimi dada yako akupendaye, asiyechoka kukungoja,

Rahima