Ngwe Yangu na Shanga Zako

Mpendwa Mama, uliyemzaa mume wangu, kisha ukanilea na mimi,

Shikamoo huko uliko. Jana risaga, ile kazi ya kulimiana kwa zamu, ilikuwa kwetu. Majirani walikuja na majembe yao, nikawapikia, kisha nikaingia shambani pamoja nao nikalima ngwe yangu hadi mwisho. Nilipoinuka, wewe ndiye uliyenijia moyoni. Nikaona leo nikuandikie kwa herufi hizi nilizofundishwa kanisani, zile ulizokuwa ukiziita nyayo za kuku.

Unakumbuka nilivyokuwa baada ya kumzaa Gati, mdogo wake Chacha? Ulinikalisha ndani, ukaninywesha uji wa wimbi kwa maziwa na samli, mpaka mlangoni nikawa napita kwa ubavu. Ulijivuna wewe! Mgeni akifika unaniita, "Mama Chacha, hebu njoo usalimie," kumbe unataka tu anione. Mke akinenepa, nani atasema boma hilo lina njaa? Nilitabasamu, lakini magoti yaliniuma, na nikipanda kutoka mtoni nilihema kama mvukuto wa mhunzi. Siku moja kwenye risaga ya jirani, wanawake waliniambia kwa upole, "Wewe kaa hapo ukoroge uji." Walinihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. Mimi, binti niliyelelewa na jembe, nikoroge uji na vikongwe wakati wenzangu wanalima!

Nikaanza kujinyima. Chakula changu niliwapa watoto, nikawa nashinda na maji tu, mpaka siku ile nilipoanguka mtoni na mtungi ukavunjika. Ulinikuta kwenye matope nalia. Nilidhani utanigombeza kwa ajili ya mtungi. Uliketi palepale, kwenye matope hayohayo, ukaniuliza ninaumwa nini. Nikakueleza yote.

"Njaa si dawa, mwanangu," ulisema. "Mimi ndiye niliyekujaza, na mimi nitakupunguza."

Ukanipunguza kweli. Samli uliificha, ugali ukaukata nusu, na mboga chungu ya mgagani ukanijazia bakuli mpaka nikauchukia. Ukanipa mtungi mdogo wa kuchotea maji, baadaye mkubwa kidogo. Ulinitangulia njiani na fimbo yako, ukigeuka na kunitania, "Haya, mkamate bibi kizee!" Sikukukamata upesi. Lakini pumzi ilirudi polepole, na magoti yakaacha kulalamika, nikaanza kuamka asubuhi nikiwa na hamu ya kazi.

Ndipo kaka yangu Marwa alipovuka Mto Mara kutoka kwetu Busawe. Alikuwa amesikia kwamba nimekonda. Hakuketi, na maji tuliyompa hakuyagusa.

"Mke wangu nilimwoa kwa ng'ombe wa dada yangu," alimwambia mume wangu. "Nitalalaje na mke mimi, na yeye huku anakufa njaa? Nimekuja kumchukua. Ng'ombe wenu nitawarudisha."

Hakuna asiyejua kwamba ng'ombe wale wakirudi, na mke wa Marwa atarudi kwao. Nyumba mbili zilikuwa zinavunjika kwa sababu ya kiuno changu. Kaka yangu alilijua hilo na bado alikuja, na kwa hilo nampenda hadi leo. Mume wangu akaanza kupandisha sauti. Nami nikafungua mdomo kueleza, ukaninyamazisha kwa mkono, ukaenda kuleta majembe mawili.

"Mura, kijana wangu," ulimwambia Marwa, "mtu mwenye njaa halimi. Chukua ngwe, dada yako naye achukue yake. Akishindwa, nenda naye."

Ulikuwa na moyo gani wewe! Mume wangu alikutazama kama mtu aliyesikia mama yake anagawa boma. Tukaanza. Marwa aliingia kwa nguvu kama fahali, udongo ukaruka. Mimi nilikwenda kwa mwendo wangu, ule ule wa kupanda kutoka mtoni. Katikati ya shamba alisimama kupangusa jasho. Sikusimama. Nilifika mwisho, nikageuka, nikamngoja. Aliponifikia aliangusha jembe, akacheka, akaomba yale maji aliyoyakataa.

"Kwani dada, hawa wanakulisha nini?"

"Mgagani," ulimjibu wewe, na hukucheka hata kidogo.

Alipoondoka kesho yake, nilitoa zile shanga za kiuno ulizonipa nilipoolewa. Nilikuwa na hakika sasa zitafungika. Hazikufungika. Kiuno kilikuwa bado kipana, na tumbo lilikuwa na michirizi yake yote ya uzazi. Mshindi wa jana nikaketi nikalia. Ukaingia, ukaziona mkononi mwangu, ukaelewa.

"Unamtafuta yule msichana wa nini?" uliniuliza. "Alinizalia wajukuu, akaenda zake. Lete kiuno hiki kilichopo."

Ukazivua shanga zako mwenyewe, zile nyeupe, ukazitunga kwenye uzi wangu mwekundu, ukanifunga kwa mikono yako. Zilinikaa sawasawa.

Bado mimi ni mpana, Mama. Sitakuwa mwembamba, na siku hizi wala sitaki. Huu ni mwili uliozaa, ukaanguka, ukainuka, ukamshinda Marwa, na ninatembea nao kifua mbele hadi sokoni.

Siku tulipokuandaa kuzikwa, shangazi waliulizana shanga zako zimekwenda wapi, bibi mkubwa kama wewe azikwe kiuno kitupu. Nilikaza nguo yangu kiunoni. Jana, kila nilipoinama na jembe, nilizisikia zikigongana chini ya nguo, zako na zangu, mpaka mwisho wa ngwe.

Pumzika, Mama. Shamba limelimwa.

Mkwe wako,
Mama Chacha