Sigara Nene ya Musyoka

Jumamosi, Agosti 1974

Karatasi ya kumwachia Kioko shamba bado iko mezani, bila sahihi yangu.

Shemeji Kioko alikuja mchana akijua baba mkwe yuko sokoni Tawa. "Mama Mutuku, weka sahihi tu. Shamba ni mzigo kwa mjane." Niliogopa kumkatalia. Nikampa sigara nene ya mwisho ya marehemu mume wangu Musyoka, nikamwomba aivute kwanza.

Musyoka alikuwa akizivuta nyuma ya ghala, mchungaji asimwone. Kila alipomaliza moja, nami nilikuwa nimemaliza kuambua karai la mbaazi. Saa nzima. Muda huo ungemtosha baba mkwe kufika.

Lakini Kioko aliivuta kama sigara ya kawaida, akimeza moshi wote. Kabla karai langu la mbaazi halijafika nusu, alitupa kipande akanishikisha kalamu. Kisha moshi ukamlevya. Akajilaza mkekani, jasho likimtoka.

Baba mkwe alimkuta hapo. "Kioko, mbona umelala kama anayejifungua?" Kisha akaisoma karatasi, akairudisha mezani.

Kioko amesema atarudi Jumatatu. Baba mkwe ameahidi kushinda hapa nyumbani.

Kile kipande nimekirudisha mkebeni. Kinanuka kama koti la Musyoka.

Kalamu nimeificha.