Oili Mbili, Gari Moja

Kilindoni, Alhamisi.

Fundi Shabani bado amenuna. "Giaboksi na difu ni ndugu, hula sahani moja," aliniambia asubuhi, galoni la oili nzito mkononi. Nikakataa oili moja kwa giaboksi na kwa difu, ile ya ekseli ya magurudumu. Dawa kali iliyomo kwenye oili hiyo nzito, difu inaihitaji, lakini kwenye giaboksi inakula ringi za shaba zinazofanya gia ziingie laini. Ndiyo maana gia ya pili imekuwa ikikwaruza miaka yote. Kwa giaboksi niliagiza nyepesi kutoka Dar, na leo nimeitia.

Watu wananicheka. Gari la spoti, tena la manyuo, la kubadili gia kwa mkono, kwenye kisiwa ambacho barabara iliyonyooka ni ya ndege tu. Nami nilikuwa na hofu kwamba ringi zimeshaliwa, nimechelewa.

Jioni, natoka Utende, kwenye kona ya msikiti jirani na kwetu nikatia gia ya pili. Kimya. Nikairudia, kwa raha tu.

Nyumbani hakuna chai. Siku zote nikifika nakuta mama ameshaimimina, wala sijawahi kujiuliza anajuaje.

"Umeingia saa ngapi, mwanangu?" akashtuka. "Mbona sikusikia gari likilia pale msikitini?"

Basi kuanzia kesho, nikifika kona ile, nitapiga honi.